Maiki ya Redio kwa Bei ya Kisumu: Jinsi ya Kuichagua kwa Podikasti

Usitoe pesa bado. Kabla ya kuuliza bei ya maiki yoyote, chukua simu uliyo nayo, kaa kwenye kiti utakachokalia siku ya kurekodi, saa ile ile unayopanga kurekodi, na urekodi dakika mbili: moja ukizungumza, nyingine ukiwa kimya. Kisha vaa hedifoni usikilize ile ya kimya. Hapo ndipo utajua maiki yako itapambana na nini.

Hapa Kisumu, anayeishi Kondele atasikia boda boda na spika za mahubiri. Wa Nyalenda atasikia redio ya jirani ikipenya ukutani. Wa Milimani ana nafuu ya barabara, lakini sakafu ya vigae na kuta tupu zitamrudishia maneno yake mwenyewe kwa mwangwi. Na wengi wetu tumeezekwa mabati. Mvua ya Kisumu hupenda kuja alasiri na jioni, na hakuna maiki, iwe ya elfu tatu au ya laki moja, inayoweza kutenganisha sauti yako na mvua inayopiga mabati. Dawa yake ni ratiba: rekodi asubuhi. Walio Kakamega, ambako mvua ni nyingi zaidi, wanalijua hili bila kuambiwa. Feni nayo izimwe, hata kama utatoka jasho, maana mvumo wake ukishaingia kwenye rekodi unaondoka kwa shida na huondoka na kipande cha sauti yako.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka ile sauti ya mtangazaji: nzito, ya karibu, isiyo na mwangwi. Msimamo wangu ni kwamba sauti hiyo inatokana hasa na mdomo kuwa karibu na maiki ya aina inayofaa, ndani ya chumba kilichotulizwa. Bei na umbo huja baadaye sana.

Hatua ya 1: Amua kwamba unataka dainamiki

Maiki zinazouzwa kwa wanapodikasti ni za aina mbili kubwa. Katika dainamiki, sauti husukuma utando uliobeba koili ya waya ndani ya sumaku, na msukumo huo huzalisha umeme mdogo. Katika kondensa, utando mwepesi sana hukaa karibu na bamba lenye chaji, na maiki yenyewe huhitaji umeme ili ifanye kazi: kwa zile za XLR (zinazotumia waya wenye pini tatu), kwa kawaida volti 48 kutoka kwenye miksa au intafesi, yaani kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta. Utando huo mwepesi unanasa mambo madogo madogo, jambo zuri kwa gitaa ndani ya studio iliyofunikwa vizuri. Nyumbani kwako yale mambo madogo ni kijiko cha jirani na breki za tuktuk.

Wauzaji watakuambia dainamiki “haisikii kelele”. Hilo limetiwa chumvi. Inasikia. Kinachokusaidia ni kwamba dainamiki huvumilia mdomo ukiwa karibu kabisa, tena inakudai ukaribu huo, kwa sababu umeme inaotoa ni mdogo. Kila umbali wako na maiki unapoongezeka maradufu, sauti yako hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), ilhali kelele ya chumba inabaki pale pale. Piga hesabu: ukitoka sentimita 5 hadi 40, umeongeza maradufu mara tatu, yaani umepoteza kama desibeli 18. Ili kuzirudisha unapandisha geini, yaani kiwango cha kukuza sauti, na kelele zote zinapanda nayo. Ndiyo maana mtu mwenye maiki ya bei ghali aliyoiweka katikati ya meza husikika kama yuko kwenye ukumbi wa harusi uliokodiwa, na mwenye maiki ya elfu nne mdomoni husikika kama yuko redioni.

Ukaribu huo una zawadi nyingine. Maiki zinazosikiliza kwa upande mmoja, zinazoitwa kadioidi, huongeza besi unapozisogelea. Ule uzito wa sauti unaousikia kwa watangazaji wa usiku, sehemu yake kubwa ni hiyo. Zidisha tu na utasikika kama unazungumza ndani ya pipa, kwa hiyo kuna kipimo, nitakifikia.

Kadioidi pia ina mgongo usiosikia vizuri. Kumbuka hilo unapopanga meza: mgongo wa maiki uelekee dirisha la barabarani, wala si ukutani kwa sababu tu ndivyo meza ilivyokaa.

Maiki zilizojenga sura hii tunayoiita ya redio ni chache. Electro-Voice RE20 ilitoka mwaka 1968, na sifa yake ni kwamba iliundwa ili besi isibadilike sana hata mzungumzaji akisogea. Shure SM7 ilitoka 1973, na SM7B, ile nyeusi nene unayoiona kwenye kila video ya mahojiano, ikafuata 2001. Zote ni dainamiki. Viwanda vingi vimenakili mwili wa SM7B, na baadhi ya nakala hizo zina kondensa ndani. Kwa hiyo muuzaji akikuambia, “Hii ni ya studio, boss, hata redio wanatumia,” swali lako liwe fupi: “Ni dainamiki ama kondensa?” Akisita, soma boksi mwenyewe.

Zile maiki za BM-800 zinazouzwa kama seti pamoja na mkono mwembamba wa chuma na kichujio cha duara, zipite tu. Ni kondensa, na waya zinazokuja nazo mara nyingi huishia kwenye pini ya simu, ambako hazipati umeme zinaotaka wala geini ya kutosha.

Hatua ya 2: Hesabu midomo, kisha angalia mashine

Ukiwa peke yako, chukua maiki yenye njia mbili, USB na XLR kwa pamoja. Leo unaichomeka kwenye laptopu, na siku ukinunua intafesi unaitumia kwa XLR bila kununua maiki nyingine. Hedifoni nazo zichomekwe kwenye maiki yenyewe, ujisikie papo hapo bila kuchelewa. Kama maiki ya USB haina tundu la hedifoni, mimi nisingeinunua.

Mkiwa wawili au zaidi, mambo yanabadilika. Maiki mbili za USB kwenye kompyuta moja ni usumbufu: Audacity, programu ya bure ambayo wengi tunaanzia, hurekodi kutoka kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Mac ina namna ya kuviunganisha viwili viwe kimoja, lakini si kazi ya kumfanyia mgeni aliyekwisha kuketi. Hapo nenda XLR pamoja na intafesi yenye matundu mawili, mfano Behringer UMC202HD au Focusrite Scarlett 2i2.

Kuna njia ya mkato ambayo watu wa kwaya wanaijua. Ikiwa kanisa au shule yenu ina miksa ndogo yenye USB, azima. Peleka maiki ya kwanza kushoto kabisa kwa kitufe cha pani, ya pili kulia kabisa, urekodi stereo. Baadaye kwenye programu unazitenganisha, na kila mtu anapata njia yake ya kuhaririwa.

Wanaotumia simu tu hawajaachwa. Simu nyingi za Android zenye USB-C hupokea maiki ya USB; nyingine hutaka kwanza uwashe OTG, ruhusa ya simu kupokea vifaa vya USB, kwenye mipangilio. iPhone zina USB-C tangu iPhone 15 ya mwaka 2023, na za kabla ya hapo zinahitaji adapta. Nenda dukani na simu hiyo hiyo utakayotumia.

Hatua ya 3: Soma namba moja kwenye karatasi

Karatasi ya vipimo vya maiki ina namba nyingi za kutisha. Ninayoiangalia mimi ni ya usikivu, iliyoandikwa kwa dBV. Daima ina alama ya kutoa, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo maiki inavyotoa umeme mwingi. Shure SM58, ile ya mkononi iliyoko jukwaani tangu 1966, ina –54.5. Rode PodMic ina –57. SM7B ina –59.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, ila ndiyo iliyowakosesha usingizi wengi. SM7B inahitaji geini ya desibeli 60 hivi kwa mtu anayezungumza kawaida. Intafesi ya Scarlett Solo ya kizazi cha tatu inatoa 56, na ya nne 57. Yaani umeshalipa karibu dola 400 za maiki, ukalipa intafesi, na bado unafungua kitufe hadi mwisho na kusikia mchakacho. Ndipo unaongezewa kifaa cha tatu, Cloudlifter au FetHead, kinachokaa katikati ya waya na kuongeza desibeli 25 au zaidi kwa kutumia ile volti 48. Mwaka 2023 Shure wenyewe walitoa SM7dB yenye kikuzaji ndani, kwa sababu tatizo lilikuwa halifichiki tena.

Njia ya USB inakuondolea hesabu hii yote, kwani kikuzaji kimo ndani ya maiki na kimepimwa kwa ajili yake. Kwa anayeanza, hiyo sababu peke yake inatosha.

Namba za kilohezi 192 na kadhalika, yaani sauti inapimwa mara elfu ngapi kwa sekunde, zipuuze. Kwa mazungumzo, kilohezi 48 zinatosha na kubaki.

Hatua ya 4: Linganisha na mfuko wako

Bei ninazotaja ni za Marekani kwa kukadiria, nikihesabu dola kwa shilingi 130 hivi. Hapa kwetu ongeza usafiri, ushuru na faida ya mwenye duka.

Chini kabisa iko Behringer XM8500, dainamiki ya mkononi ya XLR, dola 20 hadi 30. Haina sura ya redio, inafanana na ya mwimbaji wa harusi. Ukiifunika sponji, ukaiweka kwenye stendi na kuisogelea, msikilizaji wako aliye ndani ya matatu ya kwenda Busia hatajua tofauti. Inahitaji intafesi au miksa, kwa hiyo inamfaa mwenye cha kuazima.

Kati ya dola 50 na 100 ndipo ningemwambia mtu wangu atulie. Samson Q2U na Audio-Technica ATR2100x zina umbo la mkononi na njia zote mbili, USB na XLR. Q2U huja na stendi ndogo ya meza, sponji na waya zote mbili ndani ya boksi, jambo linalopunguza safari za dukani. Anayetaka sura ya redio kwa ajili ya kamera ana Fifine K688, Fifine AM8 na Maono PD200X, zote dainamiki za USB na XLR. AM8 ina taa za rangi. Zizime, mgeni wako si mcheza gemu. Na ujue kwamba kwenye maiki za namna hii tundu la hedifoni na kitufe cha kunyamazisha hufanya kazi ukitumia USB tu.

Uangalifu kwenye jina: Fifine K669 ni kondensa. Herufi na tarakimu zinakaribiana, sauti hazikaribiani.

Rode PodMic ya XLR, kwa dola 100 hivi, ni chuma kitupu chenye gramu 937. Ni maiki nzuri sana kwa meza ya watu wawili au watatu walio na intafesi tayari. Ukipanda zaidi ya hapo unakutana na PodMic USB na Shure MV7+, halafu SM7B yenyewe, ambayo kwa dola 400 inavuka shilingi elfu hamsini kabla haijavuka bahari. Kwa pesa hizo katika Kisumu ningenunua maiki mbili za daraja la kati, intafesi, mikono miwili na magodoro ya kutuliza chumba.

Hatua ya 5: Dukani

Maduka ya elektroniki ya katikati ya jiji yana vitu, ila chaguo ni dogo. Wengi huagiza kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, mzigo ukapanda basi la usiku, au hununua mtandaoni. Popote pale, risiti yenye jina la modeli na muda wa dhamana ni lazima. Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha kwamba ulilipa. Hausemi ulilipia nini.

SM58 ni kati ya maiki zinazoigwa sana duniani. Halisi huuzwa takriban dola 100, kwa hiyo ukiiona mpya kwa shilingi elfu mbili, huyo si Shure. Hiyo maiki bandia inaweza hata kuzungumza vizuri, lakini ilipie bei ya bandia.

Jaribu kabla ya kulipa, na usikubali kujaribiwa kwenye spika kubwa ya dukani. Spika hiyo inapendezesha kila kitu. Beba hedifoni zako na laptopu au simu. Rekodi nusu dakika ukiwa karibu, nusu dakika ukiwa mbali kidogo. Tikisa waya pale unapoingia kwenye maiki: ukisikia kukwaruza, tundu limelegea. Shika mwili wa chuma kwa mkono: mvumo ukibadilika, kuna shida ya ardhi (earth ya umeme), kwenye waya au kwenye chaja ya laptopu. Chomoa chaja, ujaribu tena ukitumia betri, ujue wa kulaumiwa ni nani. Hata nyumbani, kurekodi kwa betri huondoa mivumo mingi ya umeme na kukulinda stima ikipotea katikati ya sentensi.

Halafu sema maneno yenye P na B nyingi, maana Kiswahili kimejaa pumzi hizo: “Baba Pili alipita pale apate papai.” Sauti ikipasuka kila neno hata ukiwa na sponji, achana nayo.

Hatua ya 6: Mkono, uzi na sponji

Hapa watu hubana pesa pasipofaa. Mkono wa bei rahisi wenye springi za nje hauwezi PodMic. Utainama polepole katikati ya mahojiano. Soma uzito unaobebeka kabla ya kununua. Angalia pia uzi wa skrubu: kuna wa inchi 5/8 na wa 3/8, na adapta yake ni kitu kidogo cha shaba ambacho hakipatikani Jumapili jioni.

Mkono si lazima. Stendi ya sakafuni ya kwaya, miguu yake ikiwa juu ya kitambaa kizito, ni imara na haipokei mshindo kila unapogonga meza. Wageni wetu hugonga meza.

Hatua ya 7: Tuliza chumba, ujiweke sawa

Trei za mayai haziondoi kelele ya nje, na mwangwi zinaupunguza kidogo mno. Zitoe ukutani, zinavutia vumbi na mende. Kinachofyonza sauti ni kitu kinene na laini: godoro lililosimamishwa nyuma ya kiti chako, duveti, mapazia mazito. Soko la Kibuye lina mapazia na mablanketi ya mitumba ya kutosha kufunika kuta mbili bila kuumia. Sehemu muhimu ni ile unayoitazama na ile iliyo nyuma yako. Chumba cha kulala, chenye kitanda na nguo zinazoning'inia, karibu kila mara kinashinda sebule.

Kipimo cha umbali ni ngumi: weka ngumi moja kati ya mdomo na sponji. Sauti ikiwa ya pipa, ongeza vidole viwili. Usiielekeze maiki katikati ya midomo; ikae pembeni kidogo, kwa mshazari, ikilenga pembe ya mdomo, ili pumzi ya P ipite kando. Kisha kaa hapo hapo. Mgeni anayegeuka kumtazama mwenzake huku akizungumza ndiye anayeharibu vipindi vingi, hivyo wapange wazungumzaji watazamane juu ya maiki zao, wasikae ubavu kwa ubavu.

Hatua ya 8: Viwango

Pandisha geini hadi unapocheka kwa nguvu mshale uguse desibeli –12, usivuke –6. Zima kila kitu kinachojirekebisha chenyewe kwenye Windows au kwenye simu, maana hupandisha kelele kila unaponyamaza. Rekodi WAV (faili ya sauti isiyobanwa), kilohezi 48, biti 24 kama kifaa kinakubali, mono kwa kila mtu.

Mwishoni, sawazisha kipindi kifike –16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani), kiwango ambacho Apple inapendekeza kwa podikasti, kilele kisizidi desibeli –1. Toa MP3 ya mono. Kwa mazungumzo matupu, kilobiti 64 kwa sekunde zinasikika safi, na saa nzima inakuwa megabaiti 29 tu. Kwa 128 ni karibu 58. Msikilizaji wako ananunua bando la siku, na atachagua kipindi kisichommaliza.

Ukifika wakati wa maiki ya pili, nunua modeli ile ile ya kwanza. Maiki mbili tofauti zitakupa sauti mbili zenye rangi tofauti, na kuzipatanisha kwenye programu kutakula jioni yako kila wiki. Sponji zioshe kwa maji na sabuni kidogo, zikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Na maiki yenyewe, kwa unyevu huu wa karibu na ziwa, ilale ndani ya mfuko uliofungwa pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.